Mtoto Kwanza, Hojaji Baadaye

Wanangu mliochagua elimu maalumu, mlioko vyuoni na mlioanza kazi katika vitengo vya shule zetu, pokeeni maneno ya mzee wenu wa Kinyerezi. Nimestaafu, na umri hauniruhusu tena kusimama darasani kutwa. Lakini kila asubuhi nawaona watoto wa mtaa wetu wakipita na mabegi mgongoni, na nawajua wasiopita. Nyumba zao nazijua. Hao wasiopita, pamoja na wale wanaokwenda na kurudi bila kufundishwa neno, ndio walionikalisha chini niandike.

Nina jambo moja tu. Mwalimu wa elimu maalumu anaanza kazi yake siku anapoacha kumfundisha mtoto aliyesomewa kitabuni, akaanza kumchunguza huyu aliye mbele yake. Anaandika anachokiona, anajiuliza, kisha anakipeleka alichokigundua mahali panapotolewa uamuzi.

Sisemi haya kwa kudharau chuo. Nchi yetu imetoka mbali. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na wamisionari wa Anglikana mwaka 1950, enzi ambazo mtoto asiyeona alihesabiwa kuwa wa kuombewa na kulishwa tu. Tabora ikapata shule ya viziwi mwaka 1963. Hapa Dar es Salaam tukapata Buguruni kwa watoto viziwi, Uhuru Mchanganyiko ambako wanaoona na wasioona wanasoma uwanja mmoja, Sinza Maalum, na Mtoni Maalum kule Temeke kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Mafunzo ya walimu yalianzia Tabora kabla ya kuhamia Patandi, Arusha, na Patandi ndiyo iliyowalea wengi wa walimu mtakaowakuta vituoni. Baadaye vyuo vikuu vikaingia: Sebastian Kolowa kule Magamba, Lushoto, kisha Dodoma, na Askofu Mkuu Mihayo pale Tabora. Leo kijana anaweza kupata shahada ya elimu maalumu bila kupanda ndege. Wenzenu wa zamani hawakuwa na bahati hiyo.

Lakini nimesoma ripoti nyingi za utafiti za wanachuo, na naomba niseme wazi kinachonisumbua. Mada karibu zote ni changamoto zinazowakabili walimu wa elimu maalumu katika wilaya fulani. Mtafiti anachapa hojaji, anawagawia walimu wakuu na walimu wa kitengo, anazikusanya, anahesabu asilimia. Hitimisho linatoka: vifaa ni vichache, walimu hawatoshi, wazazi hawana mwamko, serikali iongeze bajeti. Yote ni kweli, na yote tulikuwa tunayajua kabla hajapanda basi. Katika ripoti nzima hakuna mtoto. Hakuna hata ukurasa mmoja unaosema mtoto fulani, asiyetajwa jina, alijaribu kusoma silabi hizi, akakwama hapa, mwalimu akafanya hivi, ikawa hivi. Mtu anapata shahada ya elimu maalumu bila kukaa kimya saa nzima akimtazama mtoto mmoja anavyojifunza. Kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko uhaba wa mashine za nukta nundu.

Lawrence Stenhouse, Mwingereza aliyeandika katika miaka ya 1970, alishikilia kwamba mwalimu mwenyewe awe mtafiti wa darasa lake. Donald Schön wa Marekani akaandika mwaka 1983 kuhusu watu wa taaluma wanaofikiri wakiwa ndani ya kazi na kufikiri tena baada yake. Majina hayo mtayakuta kwenye mihadhara, na mtayajibu vizuri kwenye mtihani. Ninachowaomba ni kuyatoa kwenye mtihani na kuyaingiza kwenye daftari la shilingi chache mtakalonunua dukani kwa Mangi.

Daftari hilo liwe lenu wenyewe, mbali na andalio la somo na shajara anazokagua mwalimu mkuu. Nawajua ninyi, nami nimefanya kazi na walimu maisha yangu yote. Kwenye andalio kuna sehemu ya tathmini, na kila siku mnaandika kwamba somo limefundishwa na wanafunzi wengi wameelewa. Wiki nzima maneno ni yaleyale, mwandiko uleule, wino uleule. Mthibiti ubora akija anakuta kila kitu kimejazwa, anasaini, anaondoka. Mtoto yuko palepale.

Andikeni kilichotokea, hukumu ije baadaye. Ukiandika kwamba mtoto alikuwa mkorofi leo, umefunga mlango. Kesho hutajifunza kitu kutoka katika neno hilo. Ukiandika kwamba saa nne na dakika ishirini, kengele ilipogongwa, alijiziba masikio, akatoka mbio hadi chini ya mwembe, akarudi mwenyewe kelele zilipokwisha, umeanza utafiti. Ukiandika hivyo siku kadhaa utaona kwamba ukorofi wake una saa, na saa hiyo ni ya kengele. Mnajua kengele zetu: rimu ya gari imening'inizwa mtini na inapigwa kwa nondo. Kwa mtoto mwenye usonji sauti ile inaweza kuwa maumivu. Unaweza kuomba igongwe taratibu, au ukamwonesha mtoto ishara dakika chache kabla na kumtoa mapema. Hakuna bajeti inayohitajika hapo.

Niwape mfano mwingine, maana huu naukumbuka vizuri. Kulikuwa na mwalimu kijana aliyekuwa na msichana mwenye ualbino darasani. Chuoni alifundishwa kwamba watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na wakae mbele. Akamweka mbele, pembeni ya dirisha, akaona kazi imekwisha. Asubuhi mtoto alinakili vizuri, mchana madaftari yake yalijaa mistari iliyokatika. Walimu wengine walisema ni mvivu, akishakunywa uji anasinzia. Yule mwalimu akaanza kuandika: kipindi gani, mtoto amekaa wapi, ubaoni kuna nini, amenakili maneno mangapi, anga ikoje. Hilo la anga alilianza kwa bahati, kwa sababu ilikuwa ni majira ya vuli. Baada ya muda daftari likamwambia kitu ambacho chumba cha walimu hakikujua: siku za mawingu mtoto alinakili mchana sawa na asubuhi. Tatizo lilikuwa jua la alasiri lililoingia kwa lile dirisha na kupiga ubao na macho yake. Akamhamishia upande wa pili, akamruhusu kusogea hadi ubaoni bila kuomba ruhusa, akaanza kuandika kwa herufi kubwa na chaki nyeupe tu. Siwadanganyi kwamba mtoto akawa wa kwanza darasani. Hisabati ilibaki ngumu kwake kama ilivyokuwa ngumu kwa wenzake. Lakini alianza kunakili, na anayenakili anaweza kufundishwa.

Oneni alichokifanya yule kijana. Chuo kilimpa kanuni sahihi, kanuni ikafanya kazi nusu, naye hakumlaumu mtoto kwa nusu iliyobaki. Alijiuliza. Kujiuliza huko ndiko wakufunzi wenu wanakokuita tafakuri, na hakuna tafakuri ya maana bila kumbukumbu iliyoandikwa. Mwenye kutegemea kichwa chake jioni, amechoka, amebanwa kwenye daladala, atakumbuka tu yaliyomuudhi.

Mkishakuwa na daftari, lisomeni pamoja na wenzenu. Siku hizi kuna mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na shule zinatakiwa kuwa na jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu wanakutana kujadili ufundishaji wao. Mahali pengine jumuiya hizo zimegeuka vikao vya kusaini mahudhurio. Mwalimu wa kitengo ndiye anayeweza kuziokoa, kwa sababu yeye huja na swali la kweli: nina mtoto anayefanya hivi, nimejaribu haya, nifanyeje? Swali la namna hiyo linamwamsha hata mwalimu wa darasa la kawaida aliyekuwa anachezea simu, kwa maana naye anaye mtoto asiyemwelewa. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Basi hakuna shule isiyo nao, iwe na kitengo au isiwe nacho.

Jifunzeni pia kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Hapa nasema kwa ukali kidogo, mnivumilie. Kuna walimu wa viziwi ambao Lugha ya Alama ya Tanzania wanaijua kwa kiwango cha salamu na majina ya rangi. Watoto wanazungumza kwa kasi, wanacheka, wanabishana, mwalimu yuko katikati haelewi kinachosemwa, kisha anawaita wazito. Lugha haijifunzwi kwa kozi ya muhula mmoja. Nendeni kwa viziwi, kaeni nao, kunyweni nao chai, fanyeni makosa na mrekebishwe. Chama cha Viziwi kipo, Chama cha Wasioona kipo, na wanachama wanapenda kuulizwa na mwalimu aliye tayari kusikiliza. Na nukta nundu someni kwa vidole, kila siku kidogo, mpaka mkono uzoee. Mwalimu anayeisoma kwa macho peke yake hawezi kujua mtoto anapoteleza wapi.

Halafu kuna mtaa. Kinyerezi yetu hii, wengi wenu mmezaliwa ikiwa tayari ina nyumba na lami. Sisi tunaikumbuka ikiwa mashamba na mapori. Leo ndiko kuliko na mitambo ya kuzalisha umeme, na gesi yake inatoka Mtwara kwa bomba. Nchi iliyoweza kuvuta gesi kutoka Mtwara mpaka mlangoni kwetu haishindwi kumfikisha mtoto wa Kifuru hapa jirani shuleni. Lakini mtoto hana bomba. Ana miaka minane na mtindio wa ubongo, na anayembeba mgongoni ni mama yake, kwenye njia yenye matope wakati wa masika, huku konda akimwambia mama asubiri gari linalofuata. Ikifika siku mama huyo ameshindwa kumbeba, shule inaandika mtoro.

Basi mwalimu wa elimu maalumu asingoje mtoto aletwe. Mwoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwoneni mjumbe, waulizeni nyumba zenye watoto wasiosoma. Mwende kwa adabu, mvue viatu mlangoni, mkubali maji mnayopewa. Msianze na fomu. Mama aliyemficha mtoto amekwisha kusikia mengi: amelogwa, ni laana, baba amekimbia kwa sababu yake. Mkianza kwa kumlaumu atawafungia mlango na atakuwa na haki. Mwulizeni mtoto anapenda nini, anaogopa nini, anaombaje maji, analala saa ngapi. Mama ana miaka minane ya uchunguzi kichwani, na nyinyi mna shahada. Andikeni anayosema kwa heshima ileile mnayoandikia maneno ya profesa.

Sasa sera. Najua wengi mnaona sera ni mambo ya Dodoma na ya watu wenye magari. Nawaambia mwalimu asiyejua sheria ya mtoto wake atamwonea huruma tu, na huruma haimpandishi mtoto darasa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 inahusu elimu, na inazitaka nchi kuajiri walimu wanaojua lugha ya alama na nukta nundu, wakiwamo walimu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Someni kifungu cha 27. Kinasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kuandikishwa shule, ya umma au ya binafsi, na kwamba apewe huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa. Tena kinataja jambo ambalo wengi wanalipita: watu wenye ulemavu wana haki ya kufaidi matunda ya utafiti kama raia wengine. Kwa hiyo ile ripoti yenu ya chuo, inayolala kabatini ikila vumbi, kuna mtoto anaidai kisheria.

Upo pia Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 katika toleo lake la 2023. Zisomeni mkiwa na kalamu. Mwalimu mkuu akisema shule yake haipokei watoto wa aina hiyo, msimjibu kwa hasira. Mwoneshe kifungu, kisha mwoneshe daftari lenye kazi uliyoifanya na mtoto kama huyo. Kifungu peke yake kitamfanya akuogope na kukukwepa. Daftari likiambatana nacho, atajua kwamba jambo linawezekana.

Niwape mfano wa sera inayogusa mtoto moja kwa moja. Baraza la Mitihani hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu hupewa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa. Lakini Baraza halimjui mtoto wako. Linamjua kwa taarifa iliyojazwa na shule wakati wa usajili. Mwalimu wa kitengo akinyamaza, au akiwa hajui, mtoto anakaa mbele ya karatasi ya herufi ndogo, anafeli, na kufeli kwake kunahesabiwa kuwa ni kwa akili yake.

Mtaulizwa pia kuhusu elimu jumuishi, kwa sababu mjadala huo hauishi tangu Salamanca, Hispania, mwaka 1994, mataifa yalipokubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Msimamo wangu ni huu. Kumweka mtoto kiziwi katika darasa la watoto mia na mwalimu asiyejua ishara ni kumfungia nje akiwa ndani. Na kumweka mtoto katika kitengo kilichogeuzwa stoo ya watoto, wakipaka rangi mwaka hadi mwaka, nako ni kumfungia nje. Jina la mpango halinishawishi. Swali langu ni je, nani anamfundisha, kwa lugha gani, na mwezi huu amejua nini ambacho mwezi uliopita hakukijua? Majirani zetu Wakenya walianza mapema kujenga vituo vya upimaji, tangu mwaka 1984, na wakafungua taasisi yao ya elimu maalumu Nairobi mwaka 1986. Walielewa kwamba bila kumpima mtoto huwezi kusema akae wapi. Kwetu bado mtoto anapangwa kwa kutazamwa usoni.

Jambo dogo lakini msilipuuze: simu zenu. Nimeona picha za watoto wa vitengo zikirushwa mitandaoni, mtoto anatokwa na udenda, chini yake namba ya kuchangia. Hata nia ikiwa njema, huyo ni mtoto wa watu na atakuwa mtu mzima. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Katika daftari lenu msiandike jina lake, wekeni herufi au alama, na daftari lisizagae. Mkitaka kutumia habari zake kwenye utafiti, mwombeni mzazi, na mtoto mwenyewe mwelezeni kwa namna anayoielewa.

Wapo miongoni mwenu waliochagua kozi hii kwa kusikia kwamba ajira zake zinatoka mapema. Siwalaumu, kijana lazima ale. Niliwafahamu walioingia kwa mlango huo wakawa walimu bora kuliko waliokuja na machozi ya huruma, kwa sababu walikuwa tayari kujifunza. Anayeshindwa ni yule anayedhani amekwisha kujua.

Na ninyi maafisa elimu, mkiyasoma haya, nawaombeni kwa heshima. Mwalimu aliyesomea viziwi asipangiwe kufundisha darasa la tano la kawaida kwa sababu tu kuna upungufu, huku watoto viziwi wa kata hiyohiyo wakifundishwa na asiyejua hata alfabeti ya vidole. Wakufunzi nao, mpeni kila mwanachuo mtoto mmoja wa kumfuatilia tangu siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha hadi ya mwisho, na mumsahihishe kwa alichokigundua kuhusu mtoto huyo kabla ya kuhesabu kurasa za ripoti yake.

Wanangu, shule zikifunguliwa chagueni mtoto mmoja, yule mnayemwelewa kidogo kuliko wote. Anzeni naye Jumatatu, na mnapoandika tarehe andikeni na saa.